Msumari wa Kumi na Mbili

Mimi si mtu wa porini, na sijawahi kulificha hilo. Mimi ni mtu wa sakafu iliyopigwa deki, taa nyeupe na mlango unaojifunga wenyewe. Miaka thelathini na moja nimekuwa sista wa chumba cha upasuaji, na kazi yangu, ukiondoa mengine yote, ni kuhesabu. Shashi kumi zimeingia tumboni mwa mtu, shashi kumi zitoke. Mikasi mitano, mitano. Daktari awe bingwa wa mabingwa, atasimama pale na sindano mkononi, hafungi mgonjwa mpaka mimi niseme, "Hesabu imetimia." Wengine wamewahi kunifokea. Wafoke. Sijawahi kuacha kitu ndani ya mtu.

Naanza na hilo makusudi, ili asije mtu akaniambia eti sikujua.

Safari ilikuwa ya mume wangu. Alikuwa amestaafu ualimu wa jiografia mwezi huohuo. Huyu ni mtu aliyechora mbuga ubaoni maisha yake yote, nyasi kwa chaki ya kijani, swala kwa chaki ya kahawia, na hajawahi kuikanyaga mbuga hata kwa bahati mbaya. Nyumba nzima tunamwita Mwalimu, mimi pia. Yeye ananiita Sista, tangu enzi za uchumba.

"Sista," aliniambia, ametandaza ramani juu ya kitanda nilichokwisha kukitandika, "kabla macho hayajapofuka kabisa, nataka nimwone mondo."

Mondo ni paka wa nyikani, miguu mirefu, masikio makubwa kuliko akili. Nikamwambia paka wamejaa jalalani nyuma ya hospitali, aende akawatazame bure. Akacheka, akaendelea kukunja soksi. Mwalimu ukimkatalia habishani nawe. Anacheka, halafu anafanya alichotaka. Ndivyo alivyonioa.

Tulikwenda asubuhi nzima. Kwanza iliisha lami, zikaisha nyumba, ukaisha mtandao wa simu, na baada ya hapo hakukuwa na kitu ila nyasi. Nyasi za kufika kifuani, kavu juu, na chini bado zina ukijani, mpaka pale mbingu inapogusa ardhi. Hakuna mti wa kuegemea. Mjini tunaogopa vichochoro. Mimi siku ile niligundua kuwa uwazi unatisha zaidi, kwa sababu kila kitu kinakuona na wewe huoni kitu. Nilikaa katikati ya kiti cha gari, miguu nimeikunja, kama nyoka angeweza kupanda kutoka barabarani. Mwalimu akanicheka mpaka akakohoa.

Ofisi ya geti ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la waya. Meza, redio ya upepo inayokwaruza, ufagio nyuma ya mlango, na ukutani picha za nyoka sita. Chini ya kila nyoka wameandika muda ulionao baada ya kuumwa. Mmoja alikuwa na dakika ishirini. Nilisoma zote, mara mbili.

Na kando ya picha hizo kulikuwa na ubao wa misumari. Misumari ishirini, kila mmoja na namba yake, na kila msumari umetundikwa kibao kidogo cha mti chenye kamba. Aliyekuwa akiusimamia ni bwana mmoja mfupi, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama, na mimi moyoni nikambatiza Bwana Vibao.

"Ukiingia unachukua kibao chako, unakivaa shingoni," alisema. "Ukitoka unakirudisha mwenyewe, kwa mkono wako. Msumari mtupu maana yake mtu yumo nyasini. Hatufungi geti, hatuwashi moto, mpaka ubao ujae."

"Moto gani?" nikauliza.

Akajibu mkuu wa walinzi, mwanamke mrefu aliyekuwa akifunga kamba za buti pale mlangoni. Kila mtu alimwita Afande. "Leo saa kumi na nusu tunachoma kitalu cha magharibi. Tunachoma sasa, nyasi zikiwa na unyevu, kwa mpango. Tusipochoma, kiangazi kitachoma chenyewe bila kutuomba ruhusa."

"Na kama mtu yumo?"

"Mama, ubao ukijaa hakuna mtu."

Nitasema ukweli, nilimpenda palepale. Katika nchi ile nzima ya meno na sumu nilikuwa nimepata kitu kimoja ninachokielewa. Waliingia watano, watoke watano. Nikachukua kibao cha kumi na moja, Mwalimu akapewa cha kumi na mbili. Kilining'inia shingoni mwake kwa dakika tatu, akalalamika kamba inawasha, akakivua, akakiweka juu ya boneti. Mtu huyu amepoteza miwani mitano na pete ya ndoa moja. Nikakichukua, nikakifunga pamoja na changu kwenye mpini wa mkoba wangu.

"Kitakaa kwangu," nikasema.

"Asante, mama mlezi," akajibu, na Dereva akacheka.

Dereva alikuwa kijana mpole wa hifadhi, mwenye pikapu ya viti viwili na mabenchi nyuma. Siku hiyo wageni wengine walikuwa wanafunzi watatu wa chuo waliokuja, msinicheke, kuhesabu panzi. Aliwashusha upande wa kaskazini, akatupeleka sisi magharibi.

Mwalimu alikuwa kama mtoto. Kongoni wale, nyuso ndefu kama wamepewa habari mbaya. Tohe yule, anapiga mluzi kabla ya kukimbia. Punda milia walisimama wametugeuzia makalio, wanene, hawana habari. Ndege karani alipita akitembea kwa miguu yake mirefu, akakikanyaga kitu nyasini mara tatu, nne, akainama, akakimeza. Kilikuwa na mkia. Nikafumba macho.

Kilomita tisa kutoka getini kulikuwa na kilingo, jukwaa la mbao juu ya nguzo nne, ngazi, paa la nyasi, linatazama kidimbwi. Ruhusa ilikuwa kukaa juu, si kushuka. Tulikaa saa mbili. Mondo hakutokea. Alitokea nyati. Dume moja, peke yake, tope kavu mgongoni, akaja mpaka chini yetu na kujikuna kwenye nguzo. Jukwaa zima likatikisika. Nilisikia pumzi zake kupitia mbao. Nilishika mkono wa Mwalimu nikaminya mpaka akasema "Sista, vidole." Nyati aliinua uso akanitazama, na wanaosema mnyama hana chuki hawajatazamwa vile. Alipoondoka nilikuwa nimelowa jasho mpaka kwenye soksi.

Dereva alipokuja kuona hali yetu, nilishuka ngazi kabla gari halijasimama.

"Mimi narudi getini," nikasema. "Mwalimu, shuka."

"Nusu saa tu. Dereva anakwenda kuwachukua wale wa panzi, akirudi ananipitia. Si ndiyo, Dereva?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Utaliwa!" nilimpigia kelele kutoka chini. Hofu ikinishika huwa inatokea kwa mlango wa hasira, ndivyo nilivyoumbwa. "Utaliwa hapo juu, na mimi nitaitwa mjane wa paka!"

Akanipungia kofia. Nikaondoka na Dereva nimevuta mdomo, sikumpungia.

Pale getini Bwana Vibao alikuwa nje anamwaga maji ya kudekia. Nikaingia ofisini peke yangu. Nikafungua kamba kwenye mkoba, nikatundika kumi na moja. Vibao viwili vilikuwa vimesokotana, ikabidi nivitenganishe kwa kucha. Nikabaki na kumi na mbili mkononi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Nilikumbuka alichosema yule bwana, kwa mkono wako. Nilikumbuka. Lakini nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na hasira, na nilijua Mwalimu akija nikimpa atakiweka mahali, ataanza kutafuta mifukoni, atasema kimepotea, tutasimama pale robo saa. Anakuja nyuma yangu, nilijiambia. Na tena, kwa mtu wa kazi yangu, msumari mtupu karibu na uliojaa unaudhi. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nikakitundika, nikakinyoosha kikae sawa, nikaenda zangu kulala.

Chumba cha wageni kilikuwa na kitanda cha chuma, chandarua kilichotiwa viraka kwa uzi mweusi, na beseni. Nilivua viatu, nikavitikisa, nikaviweka juu ya kiti. Usingizi ulinichukua nikiwa bado nanung'unika. Katikati ya usingizi nilisikia gari, milango, sauti za vijana. Haya, amefika, nikajisemea. Sasa hivi atakuwa anawafundisha wale watoto aina za nyasi, masikini. Nikageukia ukutani.

Nilipoamka palikuwa na harufu ya moshi. Sikushtuka, si walikuwa wametuambia? Nikavaa, nikanawa uso, nikatoka kutafuta chai. Upande wa magharibi moshi ulikuwa umesimama kama ukuta, wa kahawia chini na mweupe juu, na mwewe kwa makumi walikuwa wanazunguka mbele yake. Wale vijana watatu wa panzi walikuwa kwenye baraza wanakunywa chai. Mwalimu hakuwa nao.

Dereva akanijia, darubini mkononi.

"Mama, mwalimu kaisahau hii kule kilingoni. Nimemwokotea."

"Mpe mwenyewe. Mimi si msaidizi wake."

"Yuko wapi? Nilidhani yuko chumbani na wewe."

"Si umekuja naye wewe?"

Dereva akatabasamu, tabasamu la mtu ambaye bado hajaelewa. "Hapana, mama. Nilifika sikumkuta. Nikapiga honi, nikaita, kimya. Nikauliza geti kwa redio kama amerudi. Bwana akaangalia ubao, akaniambia kumi na mbili kipo, ametoka. Nikajua gari la doria limempitia."

Nilisikia masikio yangu yanaziba. Mwalimu hatoki mahali akaacha darubini. Miwani ataacha, mke ataacha, darubini haachi. Alikuwa ameshuka. Alikuwa amemwona yule paka wake, akashuka ngazi na kuingia nyasini kwa miguu, hatua chache tu, anavyosema yeye, hatua chache tu. Na moto ulikuwa umewashwa kwa sababu ubao ulikuwa umejaa, na ubao ulikuwa umejaa kwa sababu yangu.

Yote hayo niliyajua kwa pumzi moja. Nataka hilo lieleweke.

Afande alikuwa ameshasikia. Aliingia ofisini kwa hatua mbili, sisi nyuma yake. Misumari ishirini, vibao ishirini, hakuna pengo. Bwana Vibao alikuwa amesimama mbele ya ubao, mikono imemlegea.

"Nani amekitundika?" Afande aliuliza.

"Nilikikuta kipo, afande. Nimekiona kwa macho yangu. Kipo mpaka sasa."

"Ulimwona yeye?"

"Kibao kipo, afande," alirudia.

Afande alinitazama, si kwa kunishuku, alinitazama tu kama unavyomtazama ndugu wa mgonjwa. "Mama, usiogope. Kama kibao kipo, na yeye yupo. Atakuwa chooni, au amezunguka nyuma kutazama ndege. Wageni ndivyo walivyo. Tawanyikeni, mtafuteni."

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Neno lilikuwa pale kwenye ulimi, maneno mawili, nimekitundika mimi, jamani, mtu anahitaji nini zaidi? Halikutoka. Nilimwona Bwana Vibao na shati lake la pasi, nikawaona wale vijana, nikamwona Afande aliyeniita mama, na nikajiona mimi, sista wa miaka thelathini na moja, asiyetishwa na madaktari. Nikajitia hamnazo. Nikajiambia labda kweli yuko chooni. Labda Mungu ana huruma na yuko chooni.

Wakamtafuta chooni. Wakagonga milango ya vyumba. Vijana wakaenda kwenye tangi la maji. Na mimi, Mungu anisamehe, mimi niliyejua, nilizunguka nyuma ya jiko nikamwita mume wangu kati ya ndoo na kuni. "Mwalimu! Mwalimu!" Sauti yangu ilikuwa nzuri kabisa. Mtu angenisikia angesema huyu mke anatafuta. Mpishi alitoka akanisaidia kuita.

Saa yangu ya kazini huvaliwa kifuani, inaning'inia kichwa chini ili sista aisome. Niliisoma. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kule magharibi moshi ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Swala mmoja mdogo alitoka nyasini akapita katikati ya uwanja, kati ya watu na magari, bila kutuangalia, kama sisi si kitu cha kuogopwa tena. Nyuma yake sungura. Nyuma ya sungura, ngiri na watoto wanne, mikia juu, mbio. Dakika ya sita. Ndipo nilipomwona Bwana Vibao amekaa kwenye ngazi ya ofisi, kichwa mikononi, analia kama mtu aliyefiwa. Alikuwa akilia kosa langu.

Dakika saba. Nikaenda mpaka kwa Afande nikamshika mkono.

"Ni mimi. Kibao nimekitundika mimi. Hajatoka. Hakuwahi kutoka."

Sijui nilitegemea nini. Kofi, pengine. Alinitazama usoni kwa kitambo, akatazama jiko nilikotoka, akatazama tena usoni kwangu, na nikaona amehesabu. Kisha akawa anakimbia, anaongea na redio huku anakimbia. Zimeni upande wa kusini, zimeni, kuna mtu kilingoni. Redio ikajibu moto umeshashika upepo, hauzimiki, umeshapita barabara ya kati.

"Nakuja," nikasema.

"Panda."

Dereva aliendesha kama mwendawazimu. Nilikuwa mbele, katikati yake na Afande, na chumba kile kidogo cha gari kilijaa moshi mpaka tukawa tunakohoa wote kwa zamu. Wanyama walikuwa wanatoka upande wa kulia wakivuka barabara mbele yetu. Kongoni kundi zima, punda milia, macho meupe. Bweha na kanga wakikimbia sambamba, na bweha hana habari na kanga. Korongo walikuwa wametua pembeni kabisa ya ndimi za moto, wanakula panzi waliokuwa wakiruka, wanakula bila haraka. Sauti ya moto sikuijua kabla. Nilidhani ni gari kubwa linakuja. Nilimgeukia Dereva nimwambie apishe, ndipo nikaona hakuna gari.

Tulifika mahali barabara inapopinda kuelekea kidimbwi, na Dereva akasimama. Moto ulikuwa umeshavuka. Mbele yetu ulikuwa ukienda zake upande wa pili, na kilingo kilionekana ndani yake, paa linawaka.

"Tungepita mbele yake," Afande alisema, polepole, akitazama mbele. "Tungewahi kutoka kidogo tu, tungepita mbele yake."

Hakunitaja. Nilitaka anitaje.

Tulisubiri ndimi zipungue, kisha tukaingia kwenye weusi kwa miguu, vitambaa vilivyoloweshwa usoni. Ardhi ilikuwa moto chini ya viatu. Mashina ya nyasi yalikuwa yamesimama kama miiba, yanafuka. Kobe mmoja alikuwa amegeuka mgongo chini, nikapita bila kumtazama zaidi. Nilikuwa nimeona miili mingi maishani mwangu, iliyopasuliwa, iliyoungua, na sijawahi kutetemeka. Sasa kila kitu cheusi kilichoinuka kidogo kilikuwa yeye. Gogo lilikuwa yeye. Kichuguu kilikuwa yeye. Nilikuwa nikienda kwenye kila kimoja naomba kisiwe, na kisipokuwa, naomba kingine kiwe.

"Mwalimu!" niliita, na safari hii sauti ilikuwa mbaya, ilipasuka.

Dereva ndiye aliyeona kiatu. Kilikuwa kimetokeza kwenye shimo la muhanga, yule mnyama anayechimba usiku kutafuta mchwa, mashimo yake mtu mzima anaweza kuingia mpaka mabegani. Mwalimu alikuwa ameingia kichwa kwanza. Mgongo na miguu ilibaki juu.

Nilimshika kifundo cha mguu. Vidole vyangu vikatafuta mapigo kabla sijaviamuru. Nilihesabu. Moja. Mbili. Nilipoteza hesabu, mimi, nikaanza upya. Yalikuwapo.

Tukamvuta. Uso ulikuwa mzima, umejaa udongo, udongo mdomoni, udongo kwenye nyusi. Shati la mgongoni halikuwapo. Sitaeleza mgongo. Nilifanya kazi yangu, maji, shuka safi, maji tena, hewa, mguu juu, nikatoa amri na Dereva na Afande wakazitii, na kwa muda ule nilikuwa mtu niliyemjua.

Tulimlaza kifudifudi nyuma ya pikapu, juu ya godoro la mlinzi lililokuwamo garini. Nilikaa sakafuni karibu na kichwa chake. Afande alikaa upande wa miguu na dumu la maji mapajani. Hospitali ilikuwa mwendo wa saa tatu mbele, na gari liliruka kila shimo, na kila shimo aliguna. Nilimshika mkono. Mkono ule haukuwa umeungua.

Tulipofika kwenye lami alifumbua macho.

"Nilimwona, Sista," alisema. Sauti ilikuwa ya mchanga. "Alikuwa pale, karibu kabisa. Masikio haya. Nikamfuata mbali bila kujua."

"Nyamaza."

"Nilijua utakuja."

"Nyamaza, Mwalimu, usiongee."

"Moto ulipokuwa juu yangu, unanguruma, nilisema, Sista yuko getini. Sista hafungi mpaka ahesabu. Nikatulia. Kama si hilo ningetoka nikimbie, na ningekufa."

Nikashindwa kuvumilia. Nikainama mpaka mdomo ukafika sikioni kwake, nikamwambia. Nilisema kibao chako nilikitundika mimi, nikiwa na hasira, nikaenda kulala. Ubao ulijaa kwa sababu yangu. Ndiyo maana hawakukutafuta. Ndiyo maana waliwasha.

Nilingoja autoe mkono wake. Ningeuachia.

"Kumbe," alisema mwishowe. Akafikiri tena. Kisha akaniminya vidole, kidogo, nguvu alizokuwa nazo. "Ulikuwa umechoka. Mtu huchoka. Lakini ulipojua tu, ulisema. Palepale."

Hakuwa ananiuliza. Alikuwa ananipa, kama alivyokuwa akimwambia mwanafunzi aliyefeli kwamba angalau mwandiko wake ni mzuri.

Niliinua macho. Afande alikuwa ananitazama. Alikuwa ameniona natoka nyuma ya jiko.

"Ndiyo," nikasema. "Palepale."

"Nilijua," alisema Mwalimu, akafumba macho.

Afande akainamisha dumu, akaendelea kummwagia maji mgongoni, taratibu, na hakunitazama tena mpaka tulipofika.